Tangawizi Uliyoichanganya

Rotterdam, Jumamosi asubuhi

Kaka Mbonea,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mmeamka salama, na watoto wanakwenda shule. Mama anaendeleaje na mguu, na baridi hii ya huko milimani? Mimi mwili ni mzima. Moyoni nimejaa kinyaa, na nakuandikia wewe peke yako ili ujue sababu.

Sampuli za tangawizi yako zilifika maabara ninakofanya kazi. Ulikuwa umeshaniambia kwenye simu kwamba umepata mnunuzi wa Ulaya, kwa hiyo nilipoona pakiti zimeandikwa Maore, Same, unakofungashia, nilifurahi kama mtoto. Ndani kulikuwa na kifuko cha kuonja. Nikapika chai ya maziwa, nikawamiminia wenzangu, nikawaambia hii imelimwa Mamba, milimani kwetu, na kaka yangu ndiye aliyeinunua kwa wakulima. Wakaisifu kwa adabu. Mmoja alibakiza nusu kikombe, nami nikamwona hajui vitu vizuri.

Halafu nikaingia kazini. Mashine inapima kila kilichomo katika unga: mafuta yanayoleta harufu, ule ukali wa ulimini, hata madini ambayo mmea uliyavuta ardhini. Vipimo ni vingi, jicho halivimudu. Kwa hiyo tunaviingiza kwenye kompyuta, inavipiga hesabu kwa pamoja na kuchora picha ambamo kila sampuli ni kidoti. Zinazofanana hukaa karibu karibu. Tangawizi ya Mamba tunayo tangu zamani, na vidoti vyake hukaa pamoja upande mmoja, kwa sababu udongo ni ule ule.

Vyako vichache viliangukia hapo. Vingine vyote vilitawanyika mbali, mahali ambapo hapajawahi kukaa tangawizi ya nchi yoyote. Nilidhani nimekosea mimi. Nikaosha vyombo, nikapima upya, vikarudi pale pale. Ndipo nikaweka unga chini ya hadubini. Kaka, niliona pumba za mahindi. Niliona makapi ya tangawizi iliyokwisha kukamuliwa mafuta, yale ambayo hata nguruwe huyakoroga kwanza kwa pua. Niliona mabawa ya wadudu na manyoya ya panya. Nikakumbuka vile vikombe, nikaenda chooni kutapika.

Msimamizi wangu, mama mmoja Mdachi mpole, aliitazama picha, akaniuliza kama namfahamu mfungashaji.

“Ni kaka yangu,” nikamjibu.

Alisema ripoti ataiandika yeye, kwa kuwa mimi ni ndugu, ila vipimo ni vyangu na jina langu litabaki.

Jioni nikakupigia. Nilitaka uniambie umeibiwa, au kuna kibarua amekuharibia. Ningeamini chochote. Wewe ukacheka, ukasema kila mtu anachanganya, Wazungu hawajui ladha. Nilipokueleza habari ya vidoti, ukasema kwa ile sauti yako ya kubembeleza:

“Si uviondoe tu hivyo vilivyokaa vibaya, Eliwaza? Nani atajua?”

Nilikata simu. Sijawahi kuchukizwa hivyo na mtu niliyekula naye sahani moja. Hukuuliza kama na mimi nimeinywa. Hukumtaja hata shangazi, anayeteremka na tangawizi kichwani kutoka shambani kwake Mamba, safi, ameiosha mwenyewe, ukaipokea kwa mikono miwili na kuikorogea uchafu.

Ripoti imekwenda kwa mnunuzi jana, na vidoti vyote vimo. Mzigo utakataliwa. Nilimwomba msimamizi aandike wazi kwamba vile vichache vilivyokaa mahali pake ni tangawizi halisi ya Mamba, na haina kasoro. Akakubali. Hilo ndilo nililoweza kuwafanyia wakulima. Kama mnunuzi atawarudia, sijui.

Sasa nenda Mamba wewe mwenyewe. Uwaambie kwa mdomo wako, usiwaache wadhani mashamba yao yana ubaya. Jumapili ijayo, akitoka ibadani na mama, nitampigia shangazi. Nikikuta hajui, nitamwambia mimi, na mama atasikia hapo hapo.

Msalimie wifi, ambaye najua hukumshirikisha. Wasalimie watoto wako na jirani yetu fundi cherehani. Mama mwambie mdogo wako anakula vizuri, ingawa tangu wiki ile chai naiogopa.

Shikamoo yako nimekuamkia juu hapo kwa sababu umenitangulia kuzaliwa. Leo sina sababu nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Eliwaza