Tumeuvunja Mkataba wa Simu ya Mama

Masaweng,
S.L.P. 14,
Bontoc,
Ufilipino.

22 Novemba 2009

Mpendwa dada Dominga,

Pokea shikamoo yangu, na ukishaipokea tafuta mahali patulivu ukae ndipo uendelee kusoma. Hali yako? Yale magoti yaliyokuwa yakikusumbua kwa sababu ya ngazi za nyumba ya mwajiri wako yamepoa? Na wale pacha unaowalea, wameacha kukuamsha alfajiri? Tunasikia huko Hong Kong baridi imeanza. Natumaini lile sweta alilokufumia Mama bado linakutosha.

Barua hii nimemkabidhi Jovelyn, binti wa mjomba Alipio, anayerudi kazini baada ya likizo yake. Nimemwomba akupe mkononi mkiwa mapumzikoni, asikuachie kwa mlinzi wa jengo.

Huku mvua zimekatika. Mpunga wa matuta ya chini tulivuna kidogo tu, panya walitutangulia. Tuta la pale kwenye chemchemi limebomoka, na kaka Sixto anaujenga ukuta wake peke yake, maana vijana wote wameshuka Baguio kutafuta vibarua.

Sasa nifike penye uzito. Uliandika kwamba utatuma simu nyingine kwa kuwa hii imeharibika. Tafadhali usitume. Simu haijaharibika. Tulichokifanya ni kuuvunja mkataba wake, na nitakueleza sababu, ingawa Mama amenikataza.

Unakumbuka siku tuliyokusindikiza hadi Baguio ukirudi kazini, ukatuchukulia ile simu ya mkataba wa miaka miwili, jina likaandikwa langu. Ulikuwa na furaha kutuzidi sote. Yule muuzaji alituhakikishia kwamba mtandao umefika hadi kwetu. Tulipofika nyumbani tukakuta ndani haushiki, uani haushiki, hata kanisani haushiki. Unashika mahali pamoja tu, juu mlimani, pale kwenye tangi la maji.

Mama alisema usiambiwe. Alisema umeshaweka sahihi ya kulipia, na ukijua utaona jasho lako limemwagika bure. Basi kila Jumapili, misa ikiisha, alijitanda shuka, akaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akashika mkongojo, akapanda. Wewe ulidhani unaongea naye akiwa jikoni, kumbe amekaa juu ya jiwe. Ukisikia upepo alikwambia dirisha liko wazi, nawe ukamgombeza kwa nini halifungi. Mimi na Sixto tulijitolea tupande kwa niaba yake. Hakutaka hata kusikia. Alisema sauti ya mwanawe haipokelewi na mtu mwingine. Akishuka alitusimulia maneno yako yote, na tuliishi naye vizuri wiki nzima.

Mwezi wa Agosti, ile wiki ya tufani, alipanda mvua ilipopumzika. Siku hiyo ulichelewa kupiga. Sikuandikii hili ili ujilaumu. Huenda laini zilijaa, huenda kazi zilikubana. Yeye alingoja. Mvua ikarudi, akazidi kungoja, hadi mkaongea. Wakati wa kushuka akateleza pale penye vidato vya mawe. Sixto alimkuta amelala ubavu, simu ameikumbatia kifuani, haijalowa hata kidogo.

Tulimbeba kwa blanketi hadi barabarani. Hospitalini Bontoc walisema nyonga imevunjika, na kwa umri wake na moyo wake hawezi kupasuliwa. Tukamrudisha nyumbani. Wazee walikuja, wakachinja kuku, wakatazama nyongo yake kuagua, wakasema atainuka. Hajainuka, dada. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Ule ujumbe ulioupata kwamba simu imeharibika, ni yeye aliyemtuma Sixto akapande autume.

Simu ikawa imekaa tu rafuni, nawe huko unaendelea kuilipia. Nikaona heri tutoke kwenye huo mkataba. Nikashuka Baguio, kwenye ofisi ya kampuni. Binti wa pale alinisikiliza kwa adabu, kisha akanigeuzia kompyuta nione ramani. Milima yetu yote ilikuwa imepakwa kijani.

"Masaweng mtandao upo, mama," akaniambia. "Huu hapa."

"Upo hapo kwenye kioo chako," nikamjibu. "Kwetu haujafika."

Akasema muda wa mkataba haujaisha, na nikiuvunja nitatozwa faini. Nikamwambia wao ndio walioanza kuuvunja, tangu siku ya kwanza, kwa kuniuzia kitu ambacho hawakuwa nacho. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna, lakini sikuinuka kitini. Unanijua nikikasirika ninavyokuwa mpole, sauti inashuka kabisa. Mwishowe akaja mkubwa wake, akasema watatuma fundi aje apime mwenyewe. Nilirudi nyumbani nimechoka, na Sixto hakunihurumia. Alisema nimeuziwa hewa, na hata hiyo hewa yenyewe hawajaileta.

Fundi alikawia hata nikadhani wametupuuza. Alipokuja alisimama kule barabarani penye gari lake, akapima, akapata kistari kimoja, akataka kuandika kwamba mtandao upo. Nikamwambia hakuna anayelala barabarani, ashuke hadi nyumbani. Akashuka, viatu vikajaa matope, akaizunguka nyumba na kile kidude chake, kisha akaingia ndani. Nikampa kiti na kahawa. Mama alikuwa macho.

"Kijana, mama yako yupo?" akamuuliza.

"Yupo, bibi. Yuko mkoani Pangasinan."

"Mpigie basi. Hapo hapo ulipokaa."

Fundi akatoa simu yake mwenyewe, akaitazama, akaiinua juu, akasogea mlangoni, akarudi. Akaitia mfukoni. Alimuuliza Sixto tulikuwa tunapokelea wapi, na Sixto akamwonyesha mlima kwa kuuchongoa mdomo. Akautazama kwa muda, kisha akamtazama Mama pale kitandani. Akamaliza kahawa yake, akaandika mbele yetu kwamba hapa hakuna mtandao.

Wiki iliyopita nilishuka tena Baguio, wakanipa karatasi ya kutuachia, bila faini. Nilidhani nitafurahi. Njia nzima nikirudi na ile karatasi nilikuwa najiambia kwamba angalau hili moja limekwisha, wewe utapumua kidogo. Nilipomweleza Mama, aliniuliza, "Sasa Dominga atanipata wapi?" Mpaka saa ile, dada, alikuwa anaamini kwamba atapata nafuu apande tena, na mimi ndiye niliyemwondolea tumaini hilo kwa mdomo wangu mwenyewe. Akageuza uso ukutani, na chakula cha siku hiyo hakukigusa.

Sixto hakuweza kuvumilia. Akasema ataazima simu ya mwalimu, tumbebe Mama kwa blanketi hadi kwenye tangi, akuongeleshe walau mara moja. Unajua Baba naye amezikwa huko huko juu. Mama akamtazama, akasema, "Kule nitabebwa mara moja tu, mwanangu, na siku hiyo sitapokea simu ya mtu."

Alilisema kwa utani, kama kawaida yake. Sixto akatoka nje, akaenda kupasua kuni ambazo hatukuwa na haja nazo.

Hivyo ndivyo tulivyo. Chakula chake sasa ni uji wa wali, vijiko vichache, tena kwa kubembelezwa. Viazi vitamu havitaki, hata nyama ya kukaushwa anaigeuzia shavu. Kifua kimeanza kukoroma. Muuguzi aliyepita kumwona alinivuta pembeni, akaniambia kama kuna ndugu walio mbali waitwe. Aliye mbali ni wewe tu.

Mwombe mwajiri wako ruhusa. Akikataa, mwombe tena. Mweleze kwamba kazi za ndani ni nyingi duniani, mama ni mmoja tu. Mimi sina la kukushauri kuhusu mkataba wako huko, kwa maana huu mdogo wa simu tu umenitoa jasho. Lakini ukitaka kunipata, piga duka la shangazi Catalina pale Bontoc. Kila Jumamosi nashuka kununua dawa, na nitangoja hapo hadi basi la mwisho.

Sixto na mkewe Rosing wanakusalimu. Mjomba Alipio anakusalimu pia, anasema kile kitanda chako kwake kipo, kama nyumba yetu itakuwa na wageni wengi. Shangazi Catalina anakuombea. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha, na aulainishe moyo wa huyo mama unayemfanyia kazi.

Mama naye anakusalimu. Anadhani nakuandikia habari za mpunga. Ameniagiza nikwambie kwamba hajambo, anakula vizuri, na usijisumbue kuhatarisha kazi kwa kuja nyumbani. Nimeandika kama alivyosema.

Usimwamini, dada. Njoo.

Mdogo wako akupendaye,

Perla