Chungu Changu Kimemuudhi Fundi wa Mafriji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila tafadhali usinipe pole, maana nina furaha mpaka naimba hapa kwenye cherehani, mboga zangu haziozi tena! Mimi ni fundi wa kushona, mume wangu ni fundi wa mafriji, mtaa mzima wanamwita Fundi Baridi, na nyumba za mafundi unazijua, friji yetu wenyewe ilikufa zamani tukaigeuza kabati la sufuria, kila nikimkumbusha ananiambia "nitaitazama, mke wangu," na mimi natupa mchicha uliolegea na nyanya zinazochuruzika, roho inaniuma. Basi nikachukua chungu kidogo nikakitumbukiza ndani ya kikubwa, katikati nikajaza mchanga, nikaulowesha maji, ndani nikapanga karoti na mchicha, juu nikafunika kwa kitambaa chenye majimaji, nikaweka kibarazani penye upepo, kesho yake nafunua, mama yangu wee! Karoti zinavunjika "ka!", mchicha umesimama wima, nikapiga yowe majirani wakajaa, kila mmoja anatia mkono ndani anatoa macho, nami kwa raha zangu nikasema kwa sauti, "Friji ya fundi imekufa, chungu cha mkewe kinapumua!" wakaangua kicheko, kumbe mume wangu kasimama nyuma yao na mteja aliyemletea friji, na yule mteja naye akacheka, akageuza mkokoteni akaondoka na friji yake. Tangu hapo mume wangu hanisemeshi, jana tu ndiyo kafungua mdomo, "Mama anakuja Jumapili. Asikikute hicho kitu hapa." Mshauri, mume wangu nampenda, na chungu nacho siwezi kukiacha, nifanyeje?

Fundi cherehani

Fundi cherehani, hongera! Barua yako imeniinua kitini, na wenzangu hapa ofisini wameshaanza kuulizana vyungu vinauzwa wapi. Sasa tulia tuongee, maana ulimi wako umekuponza.

Mumeo hana ugomvi na chungu, bibi wee. Umemvunjia heshima mbele ya mteja, kwa kazi ile ile inayowalisha. Angewaambia wateja wako kwamba mkewe anavaa nguo zilizofumuka, ungemwacha salama? Kweli, naye ana kosa lake, kutengeneza za watu na kuisahau ya nyumbani. Lakini hilo mngelimaliza chumbani.

Leo akirudi, muombe radhi kabla hujampakulia chakula. Usiseme ulikuwa unatania, sema umekosea. Kisha nenda mwenyewe kwa yule mteja, umsihi airudishe friji kwa fundi.

Chungu kibaki. Muulize mumeo kikae wapi, na umuulize kwa dhati, maana maji yakikauka mchangani huondoka na joto, na kuondoa joto ndiyo kazi yake. Atakutafutia kivuli chenye upepo. Wewe lowesha mchanga asubuhi na jioni, usioshe mboga kabla ya kuziweka, jani lililooza litoe upesi, na nyanya mbivu zikae mbali na mchicha, zisije zikaufanya uwe njano.

Jumapili usikifiche. Mwache yeye ndiye afunue kitambaa, amweleze mama yake kinavyofanya kazi. Wewe kaa jikoni ukate karoti zako, na ukimsikia anasema "nilichokitengeneza," usitoke kumsahihisha.