Isale Kwenye Geti la Mgiriki

Mdogo wangu Ndesario,

Sijui uliko, ndiyo maana nakuandikia hadharani. Yeyote anayekujua na akusomee. Najua hata wale uliowakimbia watasoma. Wasome tu, nimechoka kunong'ona.

Unakumbuka vichanja vya kuanikia kahawa kwa Mgiriki, hapa juu yetu Masama? Baba alikuwa mpishi wake, na wewe, kitindamimba, ulikulia jikoni kwake mpaka Kigiriki kikakukaa mdomoni. Baadaye ukampata yule Mualbania, fundi wa mashine ya kumenya kahawa, ukamganda kama kupe. Ulitaka kwenda chuo kikuu ukasomee lugha, na mwanafunzi wako wa kwanza nikawa mimi, mimi niliyekubeba mgongoni! Ulinipangia punje za kahawa kichanjani: nyekundu jina, ya kijani sifa, na kipande cha jani kile kineno kinachoonyesha kwamba kitu kinajulikana.

"Sisi tunasema nyumba kubwa, basi," ulisema. "Mgiriki akitanguliza nyumba, hicho kineno anakirudia: ile nyumba, ile kubwa. Hata akisema nyumba hii, bado anakitaka: hii ile nyumba."

"Na Mualbania?"

"Huyo anakigandisha kwenye mkia wa jina, halafu sifa nyingi anaziwekea kineno kingine mbele yake. Ila akisema nyumba hii, ule mkia anaukata. Majirani hao, dada, na bado kila mmoja na njia yake."

Nilikuuliza kama hivyo vineno vitatupikia ndizi. Ulicheka, ukaendelea kupanga punje zako.

Kisha ukaja ule mwaka mashamba makubwa yalipoanza kuchukuliwa na serikali. Watu wakaacha kumsalimia Mgiriki. Magari mageni yakawa yanapita taratibu mbele ya geti lake, yanageuza, yanashuka tena Moshi. Mualbania akaondoka bila kuaga na mashine ikanyamaza katikati ya msimu. Wewe ukamwonea huruma mzee yule. Aliwahi kuwatukana wavunaji, na sasa alitaka kuondoka kwa amani. Ukafanya ambalo mtoto yeyote wa Kichaga angefanya: ukakata isale, ule mmea wetu wa majani marefu, kwenye mpaka wetu, ukampa alipeleke kwa wazee akaombe msamaha, maana anayekuja na isale hakataliwi.

Kumbe Mgiriki aliliona ni ua zuri tu. Akalipanda getini, akalimwagilia maji.

Huku kwetu isale mkononi ni msamaha, isale ardhini ni mpaka. Jumapili ile, nje ya kanisa, mwenyekiti wa kijiji alisema kwa sauti ili wote tusikie: "Mmeona jamani? Ndesario amemwekea Mgiriki mpaka. Serikali ikija itaambiwa hapa pana mwenyewe." Niliwatazama jirani zetu mmoja mmoja, wote wakawa wanaangalia viatu vyao.

Kesho yake uliitwa ofisini kwake. Mama alikuwa anamenya ndizi. Ulichukua koti la baba, ukamwambia, "Nakuja sasa hivi," ukatoka. Nilikusindikiza kwa macho nikaona umeiacha njia ya ofisini, umeshika ya msituni. Ukungu ukakufunika. Hatujakuona tena.

Mgiriki alikwenda zake, shamba likachukuliwa, na leo limemezwa na magugu. Baba na mama wamelala humu kihambani, kwenye shamba letu la urithi. Mume wangu alipofariki nilirudi kukutunzia kihamba, maana mtoto wa mwisho ndiye mwenye nyumba ya baba. Siku hizi mwenyekiti yule yule ana adabu kupita kiasi. "Shikamoo dada," ananiambia, mtu mzima kunishinda! "Ndesario anarudi lini?" Anauliza huku anaangalia migomba, haniangalii mimi.

Tangu aanze kuuliza, nayakuta masale yamepandwa usiku. La kwanza lilikuwa karibu na mfereji, ndani ya mpaka wetu. Nikaling'oa. Likaja jingine kwenye mibuni, kisha jingine karibu na kaburi la baba. Hakuna anayesikia jembe, hakuna aliyemwona mtu. Naogopa, Ndesario. Nakwambia wazi, naogopa.

Jioni nyingine nachukua punje chache, nazipanga kwenye ungo wa mama kwa mtindo wa Mgiriki: kile kihamba, kile cha baba, kile chako. Nakirudia kile kineno kwa sauti mpaka nahisi kuna mtu nje ananisikiliza. Hapo nazikusanya punje.

Leo asubuhi nimelikuta isale mlangoni, udongo wake bado mbichi. Nimeling'oa kama mengine, ila safari hii limenishinda nguvu mpaka nikapiga magoti. Kama u hai, njoo upande la kwako. Usipokuja, la kesho litakuwa ndani ya nyumba, na sijui kama nitakuwepo kuling'oa.

Tuonane, kama kuonana bado kupo.

Dada yako