Mwanga kwenye Goti

Jumatatu, 3 Juni
Magoti mengine manne ya ng'ombe. Muuza nyama wa hapa Katandala haniulizi tena ya nini. Nafungua kiungo, nagusisha ncha ya kifaa, mwanga unapenya gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa kusagana. Mwanga unaorudi unanipa unene wake. Kisha nakata na kupima kwa darubini, nione kama mwanga umesema kweli. Matatu yamelingana. La nne, la maksai mzee wa kulimia, limesoma jembamba mno. Nimeliweka kwenye friji ya mama, nitalikata kesho.

Jumanne, 4 Juni
Umeme umekatika siku nzima. Sijakata kitu.
Mama anataka Jumatatu twende Mollo kuvuna ulezi. Kuinuka tu kwenye kigoda anashika ukuta. Zamani alisaga ulezi kwenye jiwe, amepiga magoti tangu asubuhi, akiimba Kifipa, mimi nasinzia mgongoni. Nimeikumbuka harufu ya ule unga hadi nikaumia. Utafiti huu niliuanza kwa ajili ya magoti yake. Sijawahi kumwambia.

Jumatano, 5 Juni
Friji tupu. Mama kapika goti la maksai! Eti supu yake inarudisha ute magotini. Ndilo goti bovu pekee nililokuwa nalo, na ripoti ni Ijumaa. Nimemfokea. Mama yangu mzazi. Kaosha sufuria.

Alhamisi, 6 Juni
Shikamoo. Marahaba. Basi. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeandika kwamba sampuli imepotea, nikatuma.
Jioni mama kaja mezani kwangu, kapandisha kitenge, goti wazi.
"Nipime na mimi. Hili halijapikwa."
Nimecheka, kisha nikalia. Nikamweleza kwamba kifaa kinataka kiungo kilichofunguliwa; kwenye ngozi na nyama mwanga unapotea.
"Kumbe ni cha ng'ombe tu."
Kwa sasa, mama. Nikamwomba msamaha. Akauliza kama Mollo ataweza. Nilisema sijui. Nimesoma miaka yote hiyo, na sijui.

Jumapili, 9 Juni
Misa ya kwanza. Baridi. Wakati wa mageuzo, padri akiinua hostia, kanisa zima lilipiga magoti. Mama alijaribu, akashika benchi, akarudi kukaa. Sijawahi kumwona akikaa wakati ule. Alitazama mbele tu.
Nami nikakaa naye.