Pikipiki Iliyokataa Kuwaka Olkaria

Free Area, Nakuru
Jumatano

Kwa ndugu yangu mkubwa Josphat,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani Vihiga. Mguu unaendeleaje? Umeanza kuukanyagia bila magongo, au daktari bado anakukataza? Na presha ya Mama imetulia? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi ndio unanikwepa, na utaona ni kwa nini. Nimeamua kuandika kwa sababu ukipigiwa simu Mama huweka sauti kubwa ili naye asikie, na haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako.

Ndugu yangu, nimelipiza. Si yote, lakini nimeanza.

Unajua vile Brayo, mpwa wa tajiri wangu, alivyokusukuma kwenye kona ya Olkaria akitaka kukupita, kisha akawaambia waendeshaji wote kwamba breki zako ndizo zilizokataa kushika. Usichokijua ni yaliyofuata huku baada ya wewe kupelekwa nyumbani. Hakuna hata mmoja anayetaja jina lako kama fundi bila kucheka. "Breki zake mwenyewe hazishiki, utampa zako?" Nimelisikia neno hilo mara nyingi dukani nikiwa nimeinamia risiti zangu, na sikuinua kichwa. Brayo akipita mezani kwangu hunirushia helmeti au koti lake. "Karani, shika." Nami nashika. Nasema, "Sawa, boss." Moyoni nilikuwa namchukia.

Pikipiki yako iko salama. Chebet, yule msichana uliyemfundisha kufungua kabureta, ameibadilishia usukani na plastiki za ubavuni. Breki hakuzigusa hata kidogo. Aliniambia, "Hizi ziko fiti, Elphas. Nataka wazione zikiwa hivi hivi." Kwa hiyo Jumamosi iliyopita waliposema wanaenda Olkaria kwa ule mkutano wao wa wazee na vijana, pikipiki za zamani kushindanishwa na mpya, Chebet akatoa yako chini ya turubai na kusema ataipanda yeye. Mimi nilikuwa niende na pikapu ya duka kubeba mabegi na vifaa, kama kawaida.

Walikutana mbele ya duka. Brayo alikuja na ile yake mpya aliyonunuliwa baada ya ajali yako. Sitakudanganya, ni nzuri. Taa zake ni nyembamba, zimelala kama macho ya nyigu, na mkia umeinuka utadhani uko tayari kuruka. Yako ilisimama kando yake na yale mataa mawili ya duara, tangi pana, rangi imepauka kidogo pale magoti yanapoibana. Nilihisi uchungu kuiangalia.

"Hiyo ni pasi ya makaa," Brayo akasema. "Haina hata kompyuta."

"Na yako ni simu yenye magurudumu," Chebet akamjibu. "Chaji ikiisha utampigia nani?"

Sasa, ile mpya haina ufunguo wa chuma kama wako. Ina kidude cheusi cha plastiki. Ukiwa nacho mfukoni karibu na pikipiki, unabonyeza kitufe nayo inawaka. Brayo aliiwasha, akaiacha ingurume ili watu wampige picha, kisha akaona joto likimzidi ndani ya ile suti yake ya ngozi. Akavua koti alilovalia juu. "Karani, shika." Nilipolishika nikahisi kitu kigumu mfukoni. Kilikuwa kile kidude. Injini ikishawaka haijali kidude kiko wapi, itaenda tu mpaka izimwe. Nilifungua mdomo nimwite. Nikakumbuka mguu wako ulivyokuwa umegeuka siku ile, nikaufunga. Walikuwa wamejaza mafuta tayari, hakuna pa kuzima injini njiani. Wakaondoka.

Ndani ya pikapu nilikitoa kile kidude kwenye koti nikakitia mfukoni mwangu. Kila kona niliogopa tutamkuta amesimama.

Chebet alinisimulia baadaye walivyoenda, na najua utataka kujua. Kwenye barabara iliyonyooka baada ya Gilgil, Brayo alimwacha kabisa. Kwa nguvu, ya zamani haiifikii mpya, tusidanganyane. Lakini anasema yako nguvu zake huja zote kwa pamoja kama mtu aliyekasirishwa, na wewe ndiye unayepaswa kuzizuia, wakati ile nyingine kompyuta inamzuilia Brayo kila kitu. Walipofika kwenye kona yako, kati ya yale mabomba ya mvuke, Chebet, aliyekuwa amewapita wote kwenye kona za kabla ya hapo, aliingia kwa kasi akiwa mbele, akashika breki kwa nguvu, pikipiki ikasimama imenyooka tuli. Waendeshaji waliokuwa nyuma waliona.

Sisi wa pikapu tulipofika, walikuwa wamepanga pikipiki mistari miwili, za zamani upande huu na mpya upande ule. Kuhusu sura walibishana sana, wazee wakisema za siku hizi zote zinafanana kama sare za shule. Kisha ikawa wakati wa kuwasha zote kwa pamoja ili wasikilize mlio. Yako ikawaka mara moja. Brayo akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Boss, imekataa?"

"Labda inafanya apdeti! Ngoja ifike asilimia mia!"

"Isukume basi! Ama hiyo haisukumwi?"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Brayo alijipapasa kifuani, kiunoni, kila mahali. Mimi nilisimama mbali, kando ya pikapu, mkono umeshika kidude mfukoni, na nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilimwacha aendelee kuhangaika mpaka shingo yake ikawa imelowa. Kisha nikaanza kumwendea. Nilipomkaribia, alikuwa bado anabonyeza, na kioo cha kwenye usukani kikawaka kwa kuwa kidude kimekaribia. Watu wote wakanigeukia.

"Karani! Kumbe ni wewe? Leta hapa!"

Nikarudi nyuma mpaka ukingoni mwa mfereji unaopitisha maji ya moto, nikanyoosha mkono juu yake. "Sema kwanza ulichofanya kwenye kona ile." Sauti ilinitoka nyembamba, mtu mmoja akacheka.

"Anko atakufuta kazi."

"Najua."

"Sema, Brayo," Chebet akaingilia. "Tumepita hapo sote. Breki tumeziona."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Brayo alitazama chini. "Nilitaka kupita ndani," akasema. "Yeye alikuwa anapunguza mwendo vizuri. Breki zilishika. Mimi ndiye nilimgonga."

Nilimwambia arudie kwa sauti, maana walio nyuma hawakusikia. Akarudia. Kisha nikamtupia kidude, makusudi nikakitupa karibu, kikaanguka vumbini mbele yake. "Boss, shika." Akainama akakiokota.

Jumatatu tajiri alituita wote wawili ofisini. Alikuwa ameshasikia yote. Akasema Jumamosi hii Brayo atakuja huko nyumbani na mzee mmoja wa kumsindikiza, awaombe msamaha. "Ndugu yako akimpa mkono, mambo yameisha, nawe utabaki na meza yako."

"Na asipompa?"

"Usiniulize maswali ya watu wazima," akanijibu. Kisha akataka tupeane mikono pale pale. Brayo akanyoosha wake. Mimi sikunyoosha. Tangu hapo kila mlango ukifunguliwa dukani nainua kichwa, nikidhani nimeitwa.

Lakini waendeshaji wawili wamekuja mezani kwangu kuuliza utarudi lini. Mmoja amesema kabureta yake haifunguliwi na mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuomba, usiniwekee meza yangu kwenye mizani. Nitaandika maombi ya kazi kwingine, hata Kiamunyi huko kuna maduka. Mchungaji atakuambia usamehe, na mkono ni wako, uutoe au uuzuie. Ila kwanza Brayo asikalishwe. Asimame uani, juani, aseme yote vile alivyoyasema Olkaria, majirani wakiwa kando ya ua wanasikia. Akimaliza, aambiwe arudie.

Msalimie shangazi yetu Senge, na mdogo wetu Brenda umwambie asome. Msalimie Mama sana, na hili umwambie mapema, kwa sababu namjua, akiona mgeni kutoka mbali atakimbilia banda la kuku. Jumamosi asichinje, maana akila kwetu ndio amesamehewa. Chai pia asichemshe. Nitamtumia salamu zangu nyingine zote, lakini kuku wa nyumba yetu, Brayo asimle.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Elphas