Watani wa Nchi ya Baridi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mpunga umechanua.

Unauliza riwaya nene ya Wanorse na Wagaeli, watu wa baridi kali huko Ulaya, itakuhusu nini. Mama wee, isome! Enzi za Ujamaa niliazima ya namna hiyo misheni Mamboya, nikawa nawatafsiria wenzangu tukipukuchua mahindi ya kijiji. Wanorse walichoma vijiji vya Wagaeli, halafu wakaoa mabinti zao. Watu wakaguna, hawakuamini. Jirani yetu, Mzee Chilewa, akacheka.

"Wahehe walituvamia sisi, na leo Mhehe ndiye atakayeruka kaburini mwangu kunitania. Hao ni watani. Soma."

Mahindi yaliisha kabla ya kitabu. Hakuna aliyenyanyuka, kila mtu alishika gunzi tupu, akajifanya anapukuchua, ili nisome.

Babu yako, Kimamba