Waya wa Mombasa

Chumba cha Simu, Posta,
Nyeri.
Alhamisi, 17 Mei 1979

Dada yangu Murugi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikitumaini kwamba wewe na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha baba kimepungua tangu mvua itulie. Mimi mwili hauna neno. Theuri wa gari la posta amekupa barua hii mkononi. Tafadhali usimwache aondoke, mwambie angoje, na uisome mahali ambapo mama hakuoni. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, maana baba akiiokota yeye husoma Gikuyu tu, na sitaki awe wa kwanza.

Kijikaratasi chako cha jana nilikipata. Unasema huko Kangema watu wamejaa kwa jirani yetu Waithira, kwamba mama hajatoka kwake tangu Jumanne, na kwamba wameshapima mahali pa kaburi la mwanawe Gicheru. Unauliza pia mbona ndugu yetu Wamae hajateremka kutoka Nanyuki kuja kumlilia rafiki yake, na unasema mama ameanza kumkasirikia. Nitakujibu. Lakini acha nianzie Jumatatu, nisije nikaogopa nikaishia njiani.

Unajua kwamba kampuni iliyowapeleka mafundi wetu wa welding ya vyuma kwenye lile daraja jipya la pwani ina ofisi yake hapa mjini, na simu zake zote hupitia kwenye ubao wangu. Kazi yetu ni kuunganisha na kufunga masikio. Watu wawili wakishasikiana, unarudisha swichi na kuwaachia maneno yao. Ndiyo sheria ya kwanza, na Bwana Muriithi, msimamizi wetu, huikariri kila asubuhi kama Baba Yetu. Jumatatu saa nne, Qamar, opereta wa Mombasa ambaye sijamwona uso lakini tumeongea miaka mitatu, aliniambia nimpe injinia wa kampuni haraka, daraja limegongwa na meli. Nilimpa. Swichi sikuirudisha.

Nikasikia kwamba meli ya mizigo ilizimikiwa na injini, maji yakaisukuma mpaka ikapiga nguzo, na jukwaa la mafundi likakatika. Walikuwa watano. Wanne waliokotwa na mashua wakiwa wamevunjika hapa na pale. Wa tano, aliyeandikwa Gicheru, alibanwa katikati ya vyuma chini ya nguzo, maji yakiwa kiunoni, na bahari ilikuwa inajaa. Polisi wa bandarini alimwambia injinia kwamba ikifika saa kumi, maji yatampita kichwa.

Tangu hapo sikuinuka kitini hata kwenda kunywa maji. Wazima moto walifika na misumeno ambayo chuma kile kiliidharau. Mtungi wa gesi ulipatikana, lakini wa kuushika hakuna, maana waliojua kukata vyuma ndio hao waliokuwa wamelazwa. Karakana moja ikasema ina fundi, lakini karani wa getini hamruhusu kutoka bila barua iliyotiwa sahihi. Saa nane, karani bado anataka barua! Injinia alinguruma kwenye simu mpaka nikaondoa kisikilizio sikioni. Qamar akaniambia nimwachie huyo karani yeye, na sijui alimwambia nini, ila baada ya dakika kumi fundi alikuwa njiani. Saa tisa maji yalikuwa mabegani. Saa tisa na nusu yalikuwa kidevuni, na zimamoto mmoja alikuwa amemshika kichwa akikiinua, akimwongelesha asilale.

Bwana Muriithi aliniona bado niko kitini tangu saa nne. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Kagure," akasema, "huyo mtu ni wenu?" Nikamwambia hapana, ni mtoto wa jirani tu. Saa kumi kasoro robo Qamar akasema, "Ametoka, dada, anapumua," nami nililia mbele ya wasichana wote, nikapewa nusu saa ya chai.

Jumanne saa tano na nusu ndipo Qamar aliponiambia kwamba amefariki hospitalini, kifua kilikuwa kimepondeka kwa ndani. Kampuni ikampigia chifu, chifu akaenda kwa Waithira. Hayo mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa Murugi, kaa chini kama umesimama. Kuna mambo mawili nimeyaruka.

La kwanza ni la Februari. Kampuni ilikuwa inataka mafundi wenye cheti cha welding, na Wamae hana. Alijifunza kazi kwa kumtazama Gicheru, mtihani akaanguka mara mbili. Gicheru alikuwa na cheti, lakini Warfa, yule mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nanyuki, alikuwa amempa kazi nzuri ya kutengeneza malori yake. Wakabadilishana. Cheti hakina picha. Wamae akaenda Mombasa kwa jina la Gicheru, Gicheru akaenda Nanyuki, na kila mmoja akamdanganya mama yake, ili kampuni ikiuliza nyumbani isikie kwamba Gicheru yuko pwani. Injinia alipopiga simu chuo cha ufundi kuhakikisha cheti, simu ilifika kwangu. Sikuiunganisha. Nilibana sauti nikajifanya karani wa chuo, nikasema ndiyo, kijana alipita vizuri sana. Nilijiona mjanja. Hata mimi na Wamae tulimcheka injinia siku ile.

La pili ni baya zaidi. Jumanne saa tatu asubuhi muuguzi alipiga simu ofisi ya kampuni. Akasema mgonjwa ameamka, anakataa jina lake, anasema yeye ni Wamae na ana dada kwenye simu za Nyeri, anaomba aongee naye. Karani wa kampuni akajibu kwamba huyo ni Gicheru, hatuna Wamae, kichwa kimegongwa, mwacheni apumzike. Nilikuwa ninasikiliza, Murugi. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Ningesema tu, "Mimi hapa." Bwana Muriithi alikuwa hatua mbili nyuma yangu, na nikafikiria kazi, nikafikiria polisi na kile cheti. Nikarudisha swichi, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nilijiambia nitampigia kupitia kwa Qamar nikila chakula cha mchana. Mchana hakuufikia.

Wamae wetu amekufa. Aliniita na nikasikia na nikanyamaza. Siombi unisamehe leo.

Siku mbili nimemwacha Waithira alie machozi ambayo si yake, kwa sababu ya uoga. Leo asubuhi nikiingia kazini, mtu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia jina lake katika redio jana akiwa hotelini Nanyuki anakunywa chai. Akaniambia, "Mimi niko hapa, Kagure. Sasa ni nani amekufa?" Alikuwa anajua. Alitaka niseme mimi.

Bwana Muriithi nimemweleza yote, na hakunigombeza, alivua miwani tu. Basi la saa sita litanipeleka Nairobi, kisha niende Mombasa nikamtambue ndugu yetu, asiletwe kuzikwa Jumamosi chini ya jina la mtu mwingine. Qamar atanipokea stendi, ndipo tutakapoonana.

Wewe mwambie baba kwanza, polepole, ukiwa umeshika mkono wake. Kisha nenda kwa Waithira umtoe mama, kabla hujasema neno lingine pale. Halafu urudi barabarani kwa Theuri. Gicheru yumo ndani ya gari, kiti cha nyuma kati ya magunia ya barua. Nimemwomba asishuke mpaka utakapokuja kumchukua. Mpeleke kwa mama yake. Na Waithira akishamgusa na kuamini, mwambie ainuke, azime moto wa matanga. Mama yetu amekaa kwake siku tatu. Sasa ni zamu yake kuja kukaa kwetu.

Nisalimie watoto, na umfunike mama vizuri, huwa anahisi baridi akilia.

Mdogo wako,
Kagure